Aliyepima Mate Yetu

Mtu akifika kwa Mhudumu asubuhi, swali la kwanza halikuwa habari za nyumbani. Lilikuwa, "Umekula?" Aliyejibu ndiyo alioneshwa benchi la nje, akaambiwa akae hapo na asiguse kitu chochote, hata maji. Wageni walidhani wanaandaliwa chai. Sisi wa kijijini tulijua kwamba anataka mdomo uwe mtupu, kwa sababu kipimo chake kilikuwa cha mate, na mdomo uliotoka kula ndizi au kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, haukumfaa.

Kijiji chetu kiko upande wa Mugoma, wilaya ya Ngara, kwenye vilima ambavyo ukivipanda siku isiyo na ukungu unaiona Burundi. Mhudumu hakuwa nesi wala daktari. Alikuwa mmoja wa wale wanaochaguliwa na mkutano wa kijiji, wakapelekwa semina, wakarudi na fulana, begi na daftari, kazi yao ikawa kupita nyumba kwa nyumba kuulizia wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na watu wanaokohoa. Tulimwita Mhudumu, na hata wanawe wakubwa walipozungumza nasi walisema "Mhudumu hayupo" kama vile hawana neno jingine. Walevi wa kilabuni walimpachika jina la Bibi Mate. Alilisikia, na hakulikataa.

Kile kipimo kilikuwa kitu kidogo sana kwa jinsi kilivyobeba mambo. Ndani ya pakiti kulikuwa na kijiti chenye bapa jeupe mwishoni na kichupa cha maji yake. Unapitisha lile bapa kwenye fizi za juu mara moja, za chini mara moja, unakitumbukiza kijiti kwenye kichupa, unasubiri dakika ishirini. Ukitokea mstari mmoja, hujaonekana na virusi vya Ukimwi. Ikitokea miwili, unakwenda zahanati kutolewa damu ili wahakikishe. Ndivyo alivyosema kila mara, "wahakikishe", na neno hilo alilitamka polepole, maana alijua kwamba mtu aliyeona mistari miwili hasikii linalofuata.

Hizo dakika ishirini alikuwa hakuachi peke yako. Alikupa kazi. Wengine aliwapa maharage wachambue, wengine aliwaambia wamshikie ukindu asuke mkeka. Mimi, siku niliyopima, alinipa daftari lake nimsahihishie maandishi.

"Wewe si mwalimu? Angalia kama nimeandika 'kuhara' vizuri."

Nilisahihisha kurasa nne. Aliponiita nione mstari wangu mmoja, alichukua daftari kwanza, akasoma masahihisho yangu, ndipo akasema, "Haya, na wewe uko salama. Urudi baada ya miezi mitatu."

Iliwachukua watu muda mrefu kumwelewa. Kwa miaka mingi kabla ya vijiti hivyo kuja, yeye mwenyewe alikuwa amezunguka kwenye mikutano, misibani na nje ya kanisa akifundisha kwamba Ukimwi hauambukizwi kwa mate. Kuleni pamoja, alisema. Nyweni kikombe kimoja. Sasa anakuja na kipimo cha mate! Watu walikasirika kama waliodanganywa. Kama ugonjwa hauko kwenye mate, unapima nini humo? Wengine walikuwa na hofu ya zamani zaidi, kwamba mate ya mtu ni mtu mwenyewe, na anayeondoka nayo anaweza kuyafanyia jambo.

Hofu hiyo ya pili hakuibishia. Alifunga kijiti kilichotumika mbele ya mwenyewe, akakitia kwenye kopo lenye kifuniko, na ukitaka ulimfuata hadi zahanati ukaone kinavyochomwa. Wachache walimfuata kweli, na aliwaacha wasimame pale mpaka moshi uishe.

Hofu ya kwanza aliimaliza kilabuni. Kulikuwa na fundi baiskeli mmoja aliyekuwa anajulikana kuwa na virusi, kwa sababu alijitangaza mwenyewe. Tangu vijiti vya mate vije, wenzake walimtengea mrija wake wa pombe, na baada ya wiki walimtengea na kibuyu, akawa anakunywa peke yake ukutani. Mhudumu aliingia mle, yeye mama wa kanisani ambaye hatukuwahi kumwona akikanyaga kilabuni. Akaenda ukutani, akauchukua mrija kinywani mwa yule fundi, akaupangusa kwa kiganja, akanywa. Alikunywa sana. Kisha akawageukia.

"Kipimo hakitafuti ugonjwa," alisema. "Nguruwe pori wakiingia kwenye muhogo wako usiku, unafanya nini?"

Mtu mmoja akajibu kwamba anaamsha majirani, wanatoka na mikuki na madebe.

"Basi. Mwili nao una majirani. Ugonjwa ukiingia, wanatoka na mikuki. Hao wenye mikuki ndio wanaofika hadi kwenye fizi, ndio kijiti kinawaona. Nguruwe hawako mdomoni. Mmenisikia? Kinachoonekana mdomoni ni walinzi."

Akaurudisha mrija kinywani mwa fundi na kutoka, na wanasema alipofika kwenye migomba alitapika, kwa maana hakuwa mnywaji.

Somo hilo la nguruwe lilikuwa na nusu ya pili, na hiyo aliisema kila mkutano bila kuiacha. Nami niliisikia kwa masikio yangu, likizo moja ya Juni, nimesimama nyuma ya watu kwenye uwanja wa shule. Alisema: "Aliye kwenye dawa asije kwangu kujipima. Dawa inawalaza nguruwe. Nguruwe wakilala miaka miwili, mitatu, majirani wanarudi kulala na mikuki yao. Kijiti kikija hakimwoni mtu. Kitasema shamba ni salama, na nguruwe wamo humo humo wamelala. Ukiacha dawa wanaamka." Nilifikiri siku ile kwamba huyu mama angekuwa mwalimu mzuri wa sayansi. Nilifikiri hilo tu.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa mgomvi. Alikosana na jirani yake kwa ajili ya mbuzi, na ugomvi huo ulidumu hadi mbuzi wenyewe wakafa kwa uzee. Hakuweza kupika, wali wake ulikuwa uji na uji wake ulikuwa maji. Aliwafokea wanaume waliotema mate njiani kwa sauti ambayo uliisikia kutoka ng'ambo ya bonde. Alipokwenda kuchomwa sindano ya pepopunda baada ya kukanyaga msumari, alilia kama mtoto, akamshika mkono muuguzi ambaye alikuwa mdogo kuliko binti yake.

Na alikuwa mwongo. Alidanganya kwa uso mkavu, wala jasho halikumtoka. Ukimkuta mtu anatoka kwake ukauliza alifuata nini, jibu lilikuwa lile lile: "Alikuja kuazima jembe." Mwenyekiti wa kitongoji alikuja kuazima jembe. Mke wa mchungaji alikuja kuazima jembe. Vijana wawili wa dukani, wasiojua hata kulima, waliazima jembe siku moja. Tulicheka, maana nyumba nzima ile ilikuwa na jembe moja lenye mpini uliopasuka. Lakini hakuna aliyewahi kumsikia akisema jambo la mtu. Akienda msibani alikaa na wafiwa kama mtu asiyejua kilichomuua marehemu, na mara nyingi yeye peke yake ndiye aliyejua.

Nilimuuliza siku moja kama si mzigo.

"Niliapa, Mwalimu," alisema. "Semina ile ya kwanza tulisimama, tukanyoosha mkono. Wenzangu waliona ni mchezo kabla ya posho. Mimi nilikuwa naapa kweli."

Sasa nifike kwa mdogo wangu.

Alikuwa fundi pikipiki pale senta. Alikuwa mcheshi, msafi kupita kazi yake, na mwenye kuona aibu haraka. Mimi nafundisha Biharamulo, na ilipogundulika kwamba ana virusi, aligundulika kwangu, baada ya kuja kunitembelea na kuugua homa isiyokatika. Alianza dawa huko huko. Hakutaka kuhamishiwa zahanati ya nyumbani. Kila baada ya miezi mitatu alipanda basi, akalala kwangu usiku mmoja, asubuhi akaenda kliniki, akarudi Ngara na vidonge vyake amevitoa kwenye chupa zao na kuvifunga kwenye kitambaa ili visigongane vikalia. Nyumbani alisema anafuata vipuri. Mimi peke yangu nilijua. Mama hakujua. Alinenepa, akawa mzima kabisa.

Mwaka wa tatu alipata mchumba, binti wa kijiji cha Kibimba, mpole, mshonaji. Baba yake binti, mzee wa kanisa, alisema hamtoi mwanawe kwa mtu asiyepimwa. Mdogo wangu hakulala siku nyingi. Angeweza kumwambia binti ukweli. Kliniki walishamweleza kwamba akinywa dawa vizuri hatamwambukiza mke, na watoto watazaliwa salama. Lakini ilibidi aanze kwa kusema, na kusema ndiko kulimshinda. Alikwenda kwa Mhudumu.

Nilikuja kujua baadaye yaliyosemwa benchini. Wakati ule nilijua tu simu aliyonipigia jioni yake, huku anacheka na kulia.

"Kaka, haipo! Nimepima kwa Mhudumu. Mstari mmoja! Nimekipiga picha, nakutumia uone."

Ilikuja ile picha. Kijiti, mstari mmoja, na nyuma yake kidogo kidole cha mtu mzee kimeshikilia meza.

Nilikuwa nimesimama kwenye veranda ya nyumba za walimu. Nilikumbuka uwanja wa shule, na nguruwe waliolala. Nilikumbuka, siwezi kusema sikukumbuka. Lakini alikuwa na furaha ambayo sikuisikia kwake tangu utoto, na mimi nilitaka iwe kweli. Nikasema, "Mungu ni mkubwa."

Baada ya hapo hakuja tena Biharamulo. Miezi mitatu ikapita, ikapita mingine. Sikumuuliza. Nilijiambia amehamishiwa kliniki ya Ngara. Nilijiambia hivyo mpaka nikaamini.

Walioana. Nilichangia, nilisimama nyuma yake kanisani. Mwaka wa pili mke wake akapata mimba, akaenda kliniki ya wajawazito ambako kila mjamzito hutolewa damu, na damu ikasema anayo.

Alirudi nyumbani akamwambia mumewe akiwa amesimama mlangoni, kanga imemlowa machozi. Mdogo wangu akatoa simu.

"Mimi picha yangu hii hapa. Wewe umeitoa wapi?"

Ninayo hakika kwamba mahali fulani ndani yake alijua. Lakini mtu aliyeogopa miaka yote hiyo alipewa picha ya kujifichia, akajificha. Alimwita malaya mbele ya majirani. Mama yangu alimfungia nguo zake kwenye shuka. Yule binti alitembea kwa miguu hadi Kibimba, mimba ya miezi sita, na baba yake alimpokea lakini hakula tena chakula alichopika wala kumwita kwa jina.

Mama alinipigia simu kunieleza. Nikamwambia, "Mambo ya wanandoa, mama, tusiyaingilie." Hayo ndiyo maneno yangu, nayaandika kama nilivyoyasema.

Mdogo wangu alianza kukohoa kabla mtoto hajazaliwa. Ulimi wake uligeuka mweupe, chakula kikawa hakipiti. Alikataa hospitali kwa sababu alikuwa na picha. Aliyeendelea kwenda kwake ni Mhudumu, kila siku mbili, na uji wake mbaya ndani ya chupa ya chai. Mama alimwona akikaa naye chumbani mlango umefungwa, na siku moja alitoka humo ameshika ukuta. Kesho yake alimwita dereva wa pikipiki, wakamfunga mdogo wangu kwa kanga katikati yao, wakampeleka hospitali. Alikufa siku ya tano. Nilifika nikakuta wamemfunika.

Kwenye mazishi, kaburi lilipokwisha kuwekwa shada, Mhudumu alisogea kumshika mama mkono. Mama akaurudisha nyuma mkono wake.

"Usiniguse," alisema. Mama hakusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini siku ile aliongea Kiswahili ili wote waelewe, hata wageni. "Wewe ndiye ulimwambia mwanangu ni mzima. Wewe na vijiti vyako. Angejua angetibiwa. Mwanangu amerara hapa kwa ajili yako."

Mhudumu alisimama kwenye ule udongo mpya, fulana yake ya kazi chini ya kitenge. Wakati huo alikuwa ameshaambiwa ukweli na mgonjwa mwenyewe, kule chumbani. Neno moja lingetosha. Angesema, "Nilimuuliza kama anatumia dawa, akasema hatumii." Alimtazama mama, akasema, "Pole, mama. Pole sana." Akatazama chini.

Nami nilikuwa hatua tatu kutoka pale, koleo mkononi.

Kuanzia hapo mambo yake yaliharibika. Waliokuwa wanamwogopa walipata sababu, na waliompenda hawakuwa na jibu. Benchi lake likakaa tupu. Mkutano wa kijiji ulichagua mtu mwingine, akatakiwa kurudisha begi, akalirudisha likiwa limefuliwa. Hakujitetea kwenye mkutano pia. Mwenyekiti, ambaye aliwahi kuazima jembe, alimuuliza mara mbili kama ana la kusema, akasema hana.

Kitu kimoja hakukiacha. Kila wiki alikwenda Kibimba kwa miguu, na mguu wake ulikuwa umeanza kuoza kidole kwa kisukari. Alimpeleka yule mjane kliniki, akasimamia anywe vidonge, na mtoto alipozaliwa, msichana, alihakikisha anapewa dawa ya watoto na kupimwa kila alipotakiwa kupimwa. Mtoto alitoka salama. Baba wa binti alidhani huyo mama anajipendekeza kwa ajili ya dhambi yake, akamwacha aingie, ila kiti hakumpa. Mhudumu alikaa kwenye kinu kilichogeuzwa.

Mama yangu alikufa mwaka jana. Alikufa akiamini kwamba mkwewe ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani na kwamba Mhudumu aliuficha. Siku za mwisho alirudia mambo hayo mawili kama mtu anayehesabu, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda namlisha kwa kijiko. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara tatu nilimpa uji.

Baada ya arobaini nilikwenda Nyamiaga, karibu na mji wa Ngara, ambako Mhudumu anakaa kwa binti yake. Walimkata mguu juu ya goti. Nilimkuta uani juani, kwenye kiti chenye mto, anachambua mbegu za maharage, macho yake yamefifia kiasi kwamba anazichambua kwa vidole.

"Shikamoo, Mhudumu."

"Marahaba. Sauti ni ya Mwalimu. Nimesikia mama ametangulia. Pole. Sikuweza kuja, na hata ningeweza, nisingekaribishwa."

Nilikaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimepanga namna ya kuanza tangu Biharamulo, na yote ilipotea. Nikasema, "Mimi nilijua."

Vidole vyake viliendelea na maharage.

"Ulijua nini?"

"Alikuwa anachukua dawa Biharamulo. Analala kwangu. Nilijua kabla hajaja kwako. Na picha alinitumia siku ile ile, na nilikuwa nimeshakusikia uwanjani ukisema habari ya wenye dawa. Nilijua kila kitu."

Sasa akaacha. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kitenge, mmoja kisha mwingine. Nilisubiri aniambie ni mipango ya Mungu, au kwamba yamepita. Nilikuwa nimesafiri tangu alfajiri kufuata neno kama hilo.

"Alikuja kwangu asubuhi na mapema," alisema. "Nikamuuliza umekula, akasema hajala. Nikamuuliza, uko kwenye dawa yoyote? Akasema, mimi mwanamume mzima nina dawa ya nini? Akacheka. Ana meno mazuri yule kijana. Nami nikacheka. Ule mstari ulipotoka nilipiga kigelegele, Mwalimu. Mimi. Sikuwahi kumpigia mtu kigelegele. Nimekisikia kigelegele hicho kila siku tangu tulipomzika."

Niliokota mbegu iliyodondoka, nikairudisha kwenye ungo.

"Kaburini sikuweza kusema kwa sababu niliapa. Siri ya mtu haiishi akifa. Ningemtetea nani, mimi? Yeye amelala pale hawezi kunijibu." Alinigeuzia uso, macho yakitafuta mahali nilipo. "Mimi nilifungwa na kiapo. Wewe ulifungwa na nini?"

Binti yake alitoka ndani na chai, akaona tulivyokaa, akarudi nayo.

"Niliogopa," nilisema.

"Uliogopa nani?"

Nilifikiri. Nilitaka kujibu kweli. "Mama. Watu. Kwamba wataniuliza kwa nini sikumwambia asiache dawa."

"Na sasa mama hayupo, ndiyo umekuja."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya mtu alipomtajia dalili aliyoitegemea.

"Umemwambia yule binti?"

"Bado. Nilisema nianze kwako. Nilisikia unaumwa."

"Umeanza na mtu wa kufa." Hapo ndipo hasira yake ilipotoka, ile ya kuwafokea wanaume wanaotema mate njiani, na binti yake akachungulia tena mlangoni. "Mimi nina shida gani, Mwalimu? Mimi najua nilichouliza na najua nilichojibiwa. Nitazikwa nacho. Yule binti ana miaka thelathini. Analala nyumba ya baba yake anayemwona malaya. Mtoto ameanza kuuliza kwa nini babu hali chakula cha mama. Na mimi nimekwenda pale kila wiki, miaka yote hiyo, nimekaa kwenye kinu nikimtazama anavyolia, na jibu liko hapa." Alijigusa koo. "Unajua ni kitu gani kuwa na jibu hapa? Nilikuwa nikitoka Kibimba natapika njiani."

"Nitakwenda," nilisema. "Likizo ijayo—"

"Utakwenda leo."

"Mhudumu, jua limeshainama."

"Kibimba si Ulaya. Pikipiki ziko hapo barabarani." Alipapasa chini akauokota ungo wake, akauweka mapajani. "Wala usije ukamwambia yeye pembeni, chini ya migomba. Mwambie baba yake akiwepo. Ukishindwa, usirudi hapa kunisalimia. Nenda."

Sikuagana naye vizuri. Nilisema asante, akawa tayari anachambua.

Dereva aliniteremsha mlangoni kwa mzee wa kanisa saa kumi na moja jioni. Walikuwa uani wote watatu: mzee kwenye kiti chake cha kamba, mjane kwenye cherehani chini ya ukingo wa bati, na mtoto anaokota vipande vya kitambaa. Mtoto ana meno ya baba yake. Mjane alisimama, akanikaribisha kwa heshima ambayo hatukuwahi kuistahili.

"Karibu, shemeji. Mtoto, mletee mjomba kiti."

Hata jina ninalostahili kuitwa na mtoto hawakuwa nalo tena. Mimi ni baba yake mkubwa. Nilisema nitasimama. Nikamsalimu mzee, akaitikia bila kunitazama, na nikasema nilichokuja kusema. Nilisema kwamba mdogo wangu alikuwa na ugonjwa kabla ya kumjua binti huyu, kwamba alikuwa kwenye dawa miaka mitatu akilala kwangu, kwamba aliacha baada ya kile kipimo, na kwamba yeye ndiye aliyemwambukiza mke wake. Nilisema kwamba nilijua tangu mwanzo. Sauti ilinitoka ndogo, ya mtu anayeomba ruhusa.

Cherehani ilikuwa imesimama. Mjane hakulia. Alikaa mikono juu ya nguo aliyokuwa anashona, akanitazama kwa muda, na usoni mwake hapakuwa na mshangao wowote, kwa maana yeye tangu siku ya kwanza alijua kwamba hakumjua mwanamume mwingine. Alichokikosa ni mtu wa kusema.

Kisha akageuza kichwa kumwangalia baba yake, ambaye alikuwa bado anatazama migomba.

"Baba hasikii vizuri, shemeji," alisema. "Sogea karibu. Urudie kwa nguvu."

Nikasogea, nikarudia.